Gari Langu Lilivyonikana Hadharani

Shemeji aliposafiri aliniachia ufunguo wa gari lake, eti nimtunzie. Nikauning'iniza kwenye pete moja na wa kwangu ili usipotee.

Jioni natoka kazini, nawasha gari. Likanguruma kama sekunde mbili, likazima. Nikarudia: likanguruma, kimya. Kwenye dashibodi kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo kinanikonyeza tu.

Mafundi nisiowaita wakajaa. Bwana mmoja wa tai akasema ni plagi. Mwingine akaapa kuwa pampu ya mafuta imekufa, yeye sauti yake anaijua. Wa tatu akafungua boneti, akaigonga betri kwa kisigino cha kiatu, akatangaza: "Imelala hii." Basi tukasukuma. Tumeshafika karibu na geti, jasho linatiririka, ndipo mtu akauliza kama ni otomatiki.

Ni otomatiki, na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa.

Hapo mlinzi akasogea. "Mzee, hili gari ni lako kweli?"

"Langu, ndugu yangu."

"Mbona linakukataa?"

Waliokuwa wakisukuma wakaachia mikono, wakarudi nyuma hatua moja. Bwana wa tai akaanza kunipiga picha.

Fundi wa umeme niliyempigia simu hata boneti hakuigusa. Alitazama ile pete, akachomoa ufunguo wa shemeji, akamtupia mlinzi, akawasha. Gari likaitika bila kinyongo.

Kumbe imobilaiza, kile kifaa cha kuzuia wizi wa gari, ndiyo iliyonigomea. Kwenye kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi huipa nguvu kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa kutaja namba yake ya siri. Kompyuta ya injini isipoitambua namba hiyo, inakata mafuta au cheche. Ndiyo maana mwizi wa kuunganisha nyaya chini ya usukani haendi mbali. Yangu ilikuwa inasikia chipu mbili zikijibu kwa mpigo, kama wachumba wawili walioleta posa saa ileile, ikaamua kuwafukuza wote. Fundi akaongeza kwamba Ujerumani magari mapya yalilazimishwa kuwa na kifaa hicho tangu 1998, kana kwamba hilo lingenipoza.

Nikamuuliza ananidai kiasi gani. Alichotaja kilinikata maini.

"Kwa kuchomoa ufunguo tu?"

"Hapana, kuchomoa ni bure. Hiyo ni ya kutomwambia shemeji yako."