"Bei njoo inboksi": wapi inalipa, wapi inakula hela

Pitia kurasa za wauza nguo na viatu wa Kariakoo kwenye Instagram usiku mmoja tu, utakutana na maneno yaleyale: mzigo mpya umeingia, saizi zote zipo, tunatuma mikoani, bei njoo inboksi. Hayo ya mwisho wateja wameyalalamikia miaka mingi, na wauzaji hawajaacha. Ninaponunua, na mimi hulalamika. Lakini nimekuwa nikimsaidia mdogo wangu kutangaza viatu vya watoto, na huko nimegundua kwamba wauzaji wana sababu zao, na baadhi ni nzito kuliko tunavyowadhania.

Nzito kuliko zote ni winga. Kwa asiyeijua Kariakoo, winga ni mtu asiye na duka wala mzigo. Anapiga picha bidhaa za duka la mtaa wa Congo au Aggrey, anaziweka kwenye ukurasa wake, na akipata mteja anakwenda kuchukua mzigo dukani na kuuza kwa cha juu. Duka likiandika bei hadharani, mteja anakiona hicho cha juu, na winga anahamia duka la pili. Mwenye duka mwenye mawinga kumi ana wauzaji kumi wasiodai mshahara. Ukimshauri aandike bei bila kumgusia winga, atakusikiliza kwa heshima na ataendelea kama kawaida, na sioni kwa nini alaumiwe.

Kuna pia jirani. Mzigo wenu umetoka China kwenye kontena moja. Wewe ukiandika 35,000 asubuhi, yeye mchana ataandika 33,000, na jioni mnauza wote bila faida. Kuna dola inayopanda na kushuka, kiasi kwamba posti ya miezi miwili iliyopita inakuletea mteja anayekudai bei ya zamani. Na kuna kupatana, ambako wengi wetu bado tunakuhesabu kuwa sehemu ya kununua. Zaidi ya hapo, kila anayeandika "bei?" kwenye komenti anaisaidia posti, maana Instagram huzihesabu komenti kama dalili kwamba watu wamevutiwa.

Yote hayo nayakubali kwa posti ya bure. Ukishatoa hela kusponsa tangazo, hesabu inageuka, na hapa ndipo naona wafanyabiashara wadogo wanapoteza fedha bila kujua.

Unaposponsa kupitia Meta, kampuni inayomiliki Instagram, unachagua lengo. Wengi wetu tunachagua ujumbe, kwa sababu biashara yetu inafanyika kwenye mazungumzo. Tangazo linaingia kwenye mnada wa kugombea nafasi ya kuonekana, na mfumo unapima vitu vitatu: dau lako, uwezekano wa mtazamaji kufanya ulichokiomba, na ubora wa tangazo lenyewe. Ulichokiomba ni ujumbe, kwa hiyo unatafutiwa watu wenye tabia ya kutuma ujumbe. Nani hatimaye kanunua, mfumo haujui: malipo yamepita Lipa Namba, na kiatu kimeondoka na bodaboda. Mfumo unachojifunza siku baada ya siku ni sura ya muulizaji, na kesho yake unakuletea waulizaji wengine wanaofanana naye.

Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, umetumia shilingi 30,000. Tangazo lisilo na bei linaleta watu 40 kwenye inboksi, na watatu wananunua. Tangazo lenye bei linaleta watu 15, na watano wananunua. Kwenye ripoti ya simu yako la kwanza litaonekana zuri, shilingi 750 kwa kila ujumbe, na la pili litaonekana ghali, shilingi 2,000. Lakini kwenye daftari la mauzo, mteja wa tangazo la kwanza amekugharimu 10,000, na wa pili 6,000. Anayesoma ripoti peke yake atalifuta tangazo linalomlisha. Tena sijahesabu kazi ya kuwajibu watu 40 kwa simu moja huku kuna wateja dukani.

Mnunuzi naye ana gharama zake. Mwanauchumi George Stigler alieleza mwaka 1961 kwamba kutafuta bei kunamgharimu mtu muda na nguvu, na kwamba ataacha kutafuta pale anapoona kuendelea hakutamlipa. Mama anayetazama viatu saa tano usiku, mtoto akiwa amelala, hawezi kungoja jibu la kesho mchana. Atanunua kwa aliyeandika. Juu ya hilo kuna shaka kwamba bei inapangwa kwa kuangalia picha yako ya wasifu, na mteja aliyewahi kutapeliwa mtandaoni akikuta bei imefichwa anaondoka kimya.

Malaysia walifika mbali zaidi. Huko msemo wa wauzaji ni "PM tepi", yaani nitumie ujumbe pembeni, na kanuni za biashara ya mtandaoni zilizoanza kutumika mwaka 2013 zilimtaka muuzaji aonyeshe bei kamili. Nisingependa sheria ya namna hiyo ianzie kwa wadogo wetu. Fundi nguo hawezi kutaja bei kabla ya kuona mshono, wala muoka keki kabla ya kujua ni ya watu wangapi. Hao waandike "kuanzia", ilmradi bidhaa ya bei hiyo ipo kweli na mtu akija anaipata.

Kwa anayeuza kitu kilichokwisha tengenezwa, kiatu, dera, kava la simu, msimamo wangu ni kwamba tangazo la kulipia liwe na bei juu ya picha. Anayebisha ajaribu wiki moja: picha ileile, hela ileile, tangazo moja lenye bei na jingine lisilo nayo, kisha ahesabu viatu vilivyotoka.

Swali la winga ndilo lililotusumbua zaidi nyumbani. Tulichokubaliana ni hiki: posti za kawaida zinabaki bila bei, na mawinga wanazichukua wauze wanavyoweza. Kila mzigo ukifika, mdogo wangu anatenga aina mbili au tatu ambazo picha zake hazitumi kwenye grupu lao la WhatsApp. Hizo ndizo anazosponsa, na bei anaiandika kwa herufi kubwa.