Masika na kitabu cha kusikiliza, mnanielewa wenzangu?

Ikifika mwezi wa nne hapa Arusha kila mtu analalamika, matope, baridi, nguo hazikauki, umeme unakatika muda wowote, na kweli hayo yote yapo sibishi, ila mimi naomba niseme wazi tu kwamba huu ndo msimu naoupenda kuliko yote na sababu kubwa ni vitabu vya sauti. Mvua ikishashuka hamna anayekutafuta, hamna pa kwenda, kazi za nje zimesimama, unabaki ndani na mtu anakusomea kitabu taratibu mpaka unasahau kama kuna giza. Aisee sijaona starehe inayoizidi hiyo.

Kuna wanaosema kusikiliza sio kusoma, eti ni uvivu. Nakataa kabisa. Sisi hadithi zimetuingia kwa masikio kabla hatujajua hata herufi a, ulikaa kwa bibi ukaambiwa paukwa ukajibu pakawa, na wakubwa zetu walikua wanaganda kwenye redio kusubiri Mama na Mwana, kile kipindi cha hadithi cha Radio Tanzania Dar es Salaam, hakuna aliyewaambia kwamba hawakuipata hadithi. Alafu vitabu vya sauti vyenyewe havikuanza kwa ajili ya wavivu. Uingereza mwaka 1935 walianza kuwapelekea wasioona vitabu vilivyorekodiwa kwenye santuri, na wengine kati yao walikua askari waliopoteza macho kwenye vita kuu ya kwanza. Mtu ambaye macho yamegoma anarudishiwa kitabu chake, uvivu uko wapi hapo?

Nyumbani kwetu nimeliona hilo kwa mama mdogo. Yeye ni msomaji tangu usichana wake lakini sasa hivi herufi ndogo zinamshinda hata akiwa na miwani. Jioni moja mvua inapiga, umeme hamna, taa ya sola iko juu ya kabati, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori, mikono yote imepakwa mafuta ili utomvu usimgande, na mimi nimeweka simu juu ya meza inasoma riwaya. Nilidhani hasikilizi maana alikua kimya muda mrefu, kumbe yuko ndani kabisa, ghafla kisu kikasimama hewani akasema, "Hebu rudisha nyuma mwanangu, huyo bwana aliingia saa ngapi humo ndani na mlango si ulifungwa?" Nikarudisha. Alikua sahihi, mwandishi alishatuonyesha ufunguo mapema na mimi ulinipita. Sasa mtu aniambie huyo mama hasomi.

Na mvua zenyewe za huku kwetu zina utamu wake. Upepo unatoka bahari ya Hindi umebeba unyevu, ukifika kwenye mlima kama Meru au Kilimanjaro unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa maji yanashuka, ndo maana Ilboru na Ngaramtoni huku miteremko ya Meru watu wanalowa wakati Kisongo kule tambarare vumbi linatimka, na Moshi ni hivohivo, Kibosho kule mlimani inanyesha kutwa nzima na pale mjini jua linawaka. Radi nazo nazipenda. Mwanga ukipiga nasimamisha kitabu nahesabu sekunde mpaka ngurumo ifike, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja kwasababu sauti inaenda mita 340 hivi kwa sekunde, alafu naendelea na sura yangu. Ukihesabu ikawa chini ya 30 basi iko ndani ya kilomita kumi na kama uko shambani au chini ya mti toka hapo ingia ndani. Na simu itoe kwenye chaji kama umevaa hedifoni za waya, radi inaweza kupita kwenye nyaya za umeme ikakufikia, hilo sio la kulichukulia poa.

Najua pia kuna ambao mvua hizi zimewaumiza. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji hapahapa Arusha, watoto wakafariki, na mpaka leo nikisikia mto umejaa kwasababu mlimani kumenyesha moyo unanidunda. Kwaiyo naposema napenda dhoruba nasema nikiwa ndani, na wa kwangu wote wameshafika nyumbani. Kama hawajafika sisikilizi chochote.

Sasa nyumba nyingi zetu ni bati bila silingibodi, mvua ikichanganya hata mtu wa pembeni yako humsikii. Ushauri wangu usishindane nayo kwa kuongeza sauti, utaharibu masikio bure, simamisha kitabu usikilize mvua mpaka ipungue. Pia pakua mapema kabla wingu halijafunga maana mtandao nao unayumba, faili la kawaida la sauti lile la kilobiti 64 kwa sekunde linakula kama MB 29 kwa saa, yaani kitabu cha masaa kumi hakifiki MB 300, video tu ya muda mfupi inaweza kula zaidi ya hapo. Na chaji inakaa sana kwasababu kioo kimezimwa.

Kinachoniuma ni kwamba vya Kiswahili ni vya kutafuta kwa tochi. Wenzetu wana LibriVox, imeanza 2005, watu wa kawaida wanajitolea kusoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha na wewe unapakua bure, lakini ukifungua ni Kiingereza kwa wingi. Sisi tunaishia kukutana na vile vilivyosomwa na sauti ya kompyuta, haipumui, haijui wapi mhusika amekasirika na wapi anabembeleza, inasoma msiba na harusi kwa sauti ileile, mimi vya hivo siwezi. Kiswahili kinataka mtu. Tuna watangazaji wenye sauti nzito tamu, tuna walimu waliosomea watoto darasani miaka na miaka, tuna waigizaji wa redio, na waandishi wapo hai wanaweza kuombwa ruhusa na kulipwa chao. Mwenye sauti na chumba kimoja tulivu aanze hata na kitabu kimoja kifupi, mimi nitalipia na mama mdogo nitamlipia.

Na kama kuna anayejua pa kupata riwaya ya Kiswahili iliyosomwa na mtu kamili mwanzo mpaka mwisho aniambie hapo chini, masika bado haijaisha na tuliyonayo tumebakiza sura mbili.