Akili mnemba na usiku wa mbalamwezi

Mteja wa steshenari mjini Kigoma huja kwa namna mbili: ana karatasi aliyoandika kwa mkono anataka ichapwe, au ana shida tu, na mchapaji ndiye atakayemtungia. Huyu wa pili siku hizi anatungiwa na ChatGPT au wenzake wa akili mnemba, kwa dakika moja. Ni nafuu ya kweli. Kikundi cha vijana wa mwalo wa Kibirizi kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za wenye ulemavu) kinatakiwa kuwa na katiba na andiko la mradi, na si kila kikundi kina katibu mwenye kalamu nyepesi.

Ila litazame andiko lenyewe. Lugha imenyooka, vichwa vimepangwa, kisha unafika kwenye mapato: usiku 30 kwa mwezi, miezi 12, jumla usiku 360. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa haina kazi. Toa wiki moja hivi kila mwezi. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa, uvuvi usimame: mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Inabaki miezi 9 ya usiku 23, yaani 207. Mapato ya kwenye karatasi yamezidi kwa zaidi ya theluthi mbili, na marejesho yamepangwa juu yake. Marejesho mawili tu, wanachama wanaanza kukwepana.

Mashine haikufanya uzembe. Kazi yake ni kukisia neno linalofuata kutokana na maandishi iliyofunzwa, na ya Kiswahili humo ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Ya Kibirizi ndiyo usiseme. Usipoipa namba, itaweka inayofanana na namba. Hata barua huiumbua: "Mpendwa Meneja, natumaini ujumbe huu unakukuta vyema", wakati ofisini wamezoea S.L.P., YAH: kwa herufi kubwa, na "Husika na kichwa cha habari hapo juu".

Dawa ipo. Andika kwanza ukurasa mmoja kwa mkono: wanachama, vipe (vyombo vya kuvulia), bei za taa na nyavu mlizoziuliza wenyewe dukani, idadi ya usiku wa kazi. Iamuru itumie hizo tu, na pasipo na namba iache nafasi wazi. Kisha mweka hazina alisome andiko kwa sauti mbele ya wenzake, maana ndiye atakayebanwa kwa maswali na afisa maendeleo. Kwa mpango huo mchapaji hajapoteza kazi, amegeuka mhariri. Bado analipwa kwa ukurasa, kama zamani, na hiyo si haki.

Kwenye ushairi huruma yangu ni ndogo zaidi. Mwalimu anataka shairi la mahafali lenye mizani 8 kila kipande. Mashine hukata maneno vipande visivyolingana na silabi, kwa hiyo hesabu inateleza. "Ziwa letu Tanganyika" ni mizani 8 kamili. Yenyewe inakupa "Ziwa letu la Tanganyika", 9, na mghani anajikwaa kwenye "la". Kuifuta ni sekunde moja. Lakini mstari wa pili unakuja na 7, wa tatu na 10, na mtu anayeweza kuzirekebisha zote hizo angekuwa ameshamaliza kutunga la kwake.