Gari Imewaka au Haijawaka?

Jumatano ya kwanza ya mwezi mimi huwa siamki vizuri. Bei mpya za mafuta zinatoka, na kabla sijapiga mswaki shemeji ameshanirushia lile jedwali kwenye simu, chini yake kaweka kikatuni cha mtu anagaragara kwa kicheko. Shemeji anaendesha Passo. Ana haki ya kucheka.

Mimi nina Mark II Grande. Najua, najua, nyamazeni kwanza. Wakati nainunua ilikuwa gari ya mtu mwenye heshima zake, ukishuka kwenye harusi wanakutafutia kiti cha mbele bila kuuliza umechanga shilingi ngapi. Silinda sita. Leo hizo silinda sita ni kama wajukuu wa likizo: wote wako kwangu, wote wanakula, na hakuna hata mmoja anayejua kilo ya unga ni bei gani. Jana nimeweka mafuta ya elfu kumi, kijana wa kituoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ni ya majaribio?" Mshale haukusogea. Nimeukodolea macho kutoka Kimara mpaka Ubungo, umelala pale pale kama mgonjwa aliyekata tamaa. Ndipo nikasema basi. Nauza. Natafuta gari ndogo, oto, isiyo na tamaa.

Sasa mjini hapa ukisema unatafuta gari umetangaza msiba, wanakuja wote na hakuna anayekuja na sukari. IST, wakasema. Nikaenda kuona IST ya mwaka 2003. Ukiwa na umri huo wewe binadamu umeshamaliza chuo na unazunguka na bahasha ya vyeti, lakini yenyewe bei iko juu vile vile na mwenyewe hataki mazungumzo. Halafu ukiwasha, dada wa Kijapani anakusemesha kutoka kwenye dashibodi, anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Miaka yote hiyo yuko Bongo bado anaidai kadi! Passo nayo ni silinda tatu, cc 996. Nikamuuliza shemeji, mlima wa Kitonga unaupandaje? "Tunazima AC." Na mkiwa watano? Akakohoa. Kwetu ni Mafinga, mlima huo lazima niupande, nikaachana nayo. Kuagiza mwenyewe kutoka Japani nilifungua kile kikokotoo cha kodi, nikakutana na ushuru wa uchakavu, nikakifunga taratibu nisiiamshe nyumba.

Ndipo akatokea dalali. "Mkubwa, unahangaika na nini? Chukua haibridi, inatumia petroli na umeme. Hii ukikanyaga breki tu, betri inajaa." Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Kama kukanyaga breki ni kujaza betri, basi mimi na Morogoro Road ya saa kumi na mbili jioni tungewasha taa za mkoa mzima.

Nikaenda na fundi wangu. Huyu ni mtu mzima, ufundi wake kaupatia kwenye Peugeot 504, na injini anaisikiliza kama daktari wa zamani, kabla ya vipimo. Prius ya mwaka 2006, namba D, imeoshwa inang'aa. Dalali akasema mwenyewe ni mama mchungaji, anaiendesha Jumapili tu, kanisani na kurudi. Akabonyeza kitufe.

Kimya.

Tukasubiri. Nzi akapita, tukamsikia.

"Imewaka," akasema dalali.

"Nini imewaka?" fundi akauliza.

"Gari."

Fundi akafungua boneti, akainamisha sikio, akagusa injini kwa kiganja. Akafunga boneti kwa adabu, vile unavyofunga mlango wa chumba chenye maiti. "Hii haipo," akaniambia.

"Fundi, imewaka! Si unaona pale imeandika READY?"

"Hata mimi naweza kuandika niko tayari."

Nikakaa kwenye usukani. Gia yenyewe ni kijiti kama cha kukorogea uji wa mtoto, ukikipeleka kwenye R kinarudi katikati chenyewe, nikadhani kimekataa. Nikakipeleka tena. Kumbe kilishakubali toka mara ya kwanza, na gari inarudi nyuma bila mlio wowote, ila humu ndani kengele inapiga tii, tii, tii. Ndani! Jamani, mimi dereva nimeshajua narudi nyuma, si ndiye niliyeweka gia? Wa kuambiwa yuko nje. Na wa nje alikuwa mama muuza ndizi, ameinama anapanga vichane kwenye beseni, mgongo ametupa sisi.

Bampa ikamgusa kidogo sana. Akaruka.

"Baba! Mtu mzima na mvi zako, unaninyatia?"

Nikateremka kuomba radhi. Watu wameshajaa. Nikaeleza kwamba gari ni ya umeme umeme hivi, haina mlio. Akasema gari zote mjini zina mlio, isipokuwa ya mwenye nia yake. Nikanunua ndizi. Nikanunua na vile vichane viwili vilivyopondeka, elfu nane, sikuomba kupunguziwa.

Nikarudi kwenye gari na mfuko wangu, hamu imeniisha, nakuta dashibodi imewaka pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao. Hii nini? Dalali hakupepesa hata jicho: "Hiyo inakukumbusha ubebe triangle, mkubwa, trafiki wasikusumbue."

Fundi wangu alikuwa ameshahamia kiti cha nyuma. Betri kubwa ya gari hii inakaa huko nyuma ya kiti, na inapumua kwa kidude cha matundu pembeni ya siti, kina feni yake. Kikiziba, betri inachemka mpaka inakufa. Fundi akaingiza vidole viwili, akavuta. Nyoya. Akaliinua kwenye mwanga, akaligeuza. "Kuku wa kisasa," akasema. Akavuta tena, nyoya. Akavuta, nyoya na pumba. Akayapanga kwenye siti mstari mmoja, moja moja, mpaka yakafika kumi na moja, na hapo akamgeukia dalali. "Huyu mama mchungaji anahubiria kina nani?"

Mimi sikucheka. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa, nimechangia harusi za watu ambao leo hawapokei simu zangu, ninachotaka ni chombo cha kunifikisha kazini bila kunifilisi, na mwanaume mzima kaja kuniuzia banda la kuku lenye redio! Nikakaa kwenye tofali nikamenya ndizi.

Dalali hakukata tamaa, wale hawana hicho kiungo. Akasema basi chukua ya umeme mtupu, Leaf, petroli utaisikia kwa majirani. Fundi akaniambia niangalie vile vijumba vya kuonyesha uzima wa betri: ikiwa mpya vinakuwa 12. Hii vilibaki saba. Joto hili hili letu, na betri yake haina hata kifeni cha kujipepea. Lakini tuseme ni nzima. Leaf za mwanzo betri ni kilowati-saa 24, yaani yuniti 24 za luku, kuijaza mara moja. Na mimi ni mpangaji. Tuko familia nne kwenye mita moja.

Wiki iliyopita tu tumekaa kikao mpaka saa tano usiku kwa sababu binti wa chumba cha uani amechemsha maharage kwa jiko la umeme. Tukampiga faini ya elfu tano. Mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi, na niliongea kwa uchungu sana kuhusu watu wanaojifikiria wenyewe. Kesho nichomoe waya dirishani nichaji gari? Na maharage yenyewe sikuyaonja. Alituletea bakuli kwa ajili ya kuomba msamaha, jirani wa mbele akalipokea, mpaka leo bakuli halijaonekana.

Nimerudi na Grande yangu, taa ya mafuta inawaka njia nzima. Mke wangu ameuliza ndizi zote hizi za nini. Nimemwambia ni gharama za ukaguzi.