Bili Zilizokwama Hufanana na Afya Njema

Tarehe 27 Oktoba 1997 masoko ya hisa ya Marekani yalikuwa na siku mbaya. Kipimo cha Dow Jones kilianguka kwa asilimia 7. Oxford Health Plans, kampuni ya bima ya afya yenye makao yake Norwalk, Connecticut, ilianguka kwa asilimia 62 siku hiyohiyo. Ilikuwa imetangaza kwamba robo ya tatu ya mwaka ingeishia kwenye hasara, jambo ambalo halijawahi kuipata tangu ianze kuuza hisa kwa umma. Hakukuwa na ugonjwa wowote wa mlipuko. Kilichoharibika ni mfumo wa kompyuta iliouhamia mwaka mmoja kabla: ankara za waajiri zilichelewa kutoka, wanachama waliokwisha kujitoa waliendelea kuhesabiwa, na madai ya madaktari yakarundikana hadi kampuni ikawa inawapa malipo ya awali ili kuwatuliza.

Kuna anayesema huo ulikuwa mkasa wa kompyuta. Mimi nauona zaidi kama mkasa wa makadirio, na ni wa kufundishia.

Kampuni ya bima ya afya hufunga hesabu zake bila kujua ilitumia kiasi gani. Mgonjwa akilazwa tarehe 28 Desemba, gharama ni ya mwaka unaoisha, ila bili yaweza kufika Februari. Anayefanya kazi dawati la madai hospitalini, Dar es Salaam au Mombasa, anajua fomu hukusanywa kwanza ndipo zitumwe. Kwa hiyo lazima itengwe akiba kwa ajili ya madai ambayo bado hayajafika, na akiba hiyo hukadiriwa kwa kutazama mwendo wa bili za nyuma.

Tuchukue hesabu ndogo. Ada za bima za Januari ni shilingi milioni 84. Uzoefu unaonyesha kwamba kufikia mwisho wa Machi, asilimia 90 ya madai ya Januari huwa yamefika. Yamefika ya milioni 72. Mtakwimu bima, yaani mtaalamu anayekadiria madai ya kampuni, anagawanya kwa 0.9, anapata milioni 80, anatenga 8 kwa yaliyo njiani. Zinabaki milioni 4. Sasa mfumo ukwame. Wagonjwa ni walewale, matibabu ni yaleyale ya milioni 80, ila yaliyofika mezani ni ya milioni 54. Anagawanya tena kwa 0.9, anapata 60. Akiba inashuka hadi milioni 6 wakati yaliyo njiani ni 26, na kinachobaki kinapaa kutoka milioni 4 hadi 24. Hakuna aliyeghushi tarakimu hata moja. Bahasha zilizokwama zimesomwa kama wanachama wenye afya njema, na wakurugenzi wanapongezana.

Hapo ndipo busara ya mtu inapoingia, na hapo ndipo wahasibu wanapogawanyika.

Upande mmoja unasema ukiwa na shaka, tenga zaidi. Akiba ikizidi, mwenye hisa anacheleweshewa faida tu. Ikipungua, hospitali ndizo zitakazokosa kulipwa na mgonjwa ndiye atakayerudishwa mapokezi. Oxford ni shahidi wao. Hasara yake ya 1997 ilipita dola milioni 290, na mwaka 2003 kesi ya wenye hisa ilimalizwa kwa kampuni kulipa dola milioni 225, huku wakaguzi wake, KPMG, wakilipa milioni 75.

Upande wa pili unajibu kwamba tahadhari isiyo na kipimo ni mahali pazuri pa kufichia faida. Unaweka leo mambo yakiwa mazuri, unachota keshokutwa mambo yakiharibika, na mwenye hisa anaonyeshwa bahari shwari kumbe kuna mawimbi chini. Tena haiwahusu wenye hisa peke yao. Sheria ya Marekani ya 2010 inataka asilimia 80 au 85 ya ada, kutegemea aina ya soko, iende kwenye matibabu na uboreshaji wa huduma, la sivyo wateja warudishiwe tofauti. Madai yakikadiriwa juu kupita kiasi, marejesho hayo hupungua, na ndiyo maana hesabu yake husubiri miezi mitatu baada ya mwaka kwisha ili bili halisi ziingie. Hata Bodi ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu imeyumba katika hili: mwaka 2010 iliondoa neno tahadhari kwenye mfumo wake wa dhana, mwaka 2018 ikalirudisha, lakini kwa masharti kwamba lisiwe kisingizio cha kupunguza faida kwa makusudi.

Mwezi Februari 2024 mtihani wa Oxford ulirudi kwa sura nyingine. Wadukuzi waliiangusha Change Healthcare, mkondo mkubwa wa kupitisha madai nchini Marekani, inayomilikiwa na kampuni ya bima ya afya ya UnitedHealth (ambayo, kwa bahati, ndiyo iliyoinunua Oxford mwaka 2004). Bili zikachelewa. Safari hii UnitedHealth ilikataa kusoma ukimya kama afya: katika robo ya kwanza iliongeza akiba ya dola milioni 800 kwa madai ambayo huenda yalikuwa yamekwama. Mwenye shaka anaweza kuuliza kwa nini 800 na si 500, na swali lake ni halali, maana hakuna fomula ya kupima bili zilizozuiwa na wadukuzi. Lakini kwangu hilo lilikuwa kosa dogo kuliko la kugawanya kwa 0.9 kana kwamba hakuna kilichotokea, na heri kiasi hicho kilitajwa waziwazi. Nyongeza iliyotajwa inaweza kufuatiliwa robo inayofuata.

Kutaja huko ndiko ninakokutazama zaidi kuliko ukubwa wa akiba. IFRS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bima kinachotumika tangu Januari 2023 na ambacho kampuni za bima za Kenya na Tanzania nazo hukifuata, kinataka makadirio ya kawaida yakae peke yake na nyongeza ya hatari ikae peke yake, pamoja na kueleza kiwango cha uhakika kinacholingana na nyongeza hiyo. Hapo kimezisogeza pande zote mbili karibu. Ila kimeacha mwanya: jedwali linalolinganisha makadirio ya miaka iliyopita na malipo yaliyofuata si lazima kwa madai ambayo kwa kawaida hujulikana ndani ya mwaka mmoja, na mengi ya bima ya afya ni ya namna hiyo. Msomaji anabaki na mstari mmoja katika maelezo ya akiba, ule wa mabadiliko yanayohusu huduma zilizokwisha kutolewa. Mstari huo ukionyesha kwamba akiba ilizidi mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi, mtakwimu bima wake hakosei. Anaelekezwa.