Ndoa bila mtoto kwa hiari: nani aliambiwa, na lini?

Mgumba na tasa ni maneno ya aliyenyimwa. Aliyeamua hatujampa jina. Mke na mume wazima wa afya wakisema hawataki mtoto, mtaa utawatafutia mganga kwanza, kuwaamini baadaye.

Wanaopinga husema dini zote zimeshalimaliza hili. Sidhani ni jepesi hivyo. Kwa Wakatoliki, kanoni (kifungu cha sheria ya Kanisa) ya 1084 inasema utasa haubatilishi ndoa. Kwa kanoni ya 1101, anayefunga ndoa huku ameazimia kutozaa kabisa, ndoa yake ni batili tangu siku ile. Kinachohukumiwa ni nia aliyoingia nayo, hata kama tumbo lake halina kasoro. Kwa Waislamu, Mtume alihimiza kuoa mwanamke mwenye mapenzi na mwenye kuzaa, lakini sahaba wake Jabir naye amepokea kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, huku Qurani ikiteremka, na hawakukatazwa. Wanazuoni wengi wakaweka sharti la idhini ya mke, kwani mtoto ni haki yake pia. Kweli, azl ni kuzuia mimba, si kuapa kutozaa maisha. Ila hapo napo swali ni mwenzako ameridhia?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 imenyamaza. Kifungu cha 9 kinataja muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Watoto hawamo.

Hoja nzito ya upande wa pili, kwangu, ni uzee. Mama lishe na mvuvi hawana kiinua mgongo. Pensheni yao ni watoto. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hiyo haimlei mtu. Lakini mtoto aliyezaliwa awe akiba naye hakuulizwa, na wazee wenye watoto sita wanaokula kwa majirani tunao.

Kwa hiyo aliyesema wakati wa uchumba kwamba hataki mtoto simlaumu. Aliyezuia mimba kwa siri miaka mitano, huku mwenzake akihesabu miezi, huyo amedanganya, awe mke au mume.

Tena hata wakikubaliana wawili, anayebanwa na mawifi jikoni ni mmoja. Sebuleni mama mkwe anamuuliza mwanawe, "Mkeo ana tatizo gani?" Naye anainamia simu.