Samahani kwa Kuchelewa Kidogo

Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo wetu. Sikuchaguliwa wala sikugombea. Miaka mingi iliyopita nilichomoa waya wa printa nikauchomeka tena, printa ikaanza kufanya kazi, na tangu siku hiyo kila kifaa chenye taa kiko chini ya himaya yangu. Simu ya shangazi ikijaa, napigiwa. Kaka akisahau nywila, napigiwa mimi, kana kwamba ndiye niliyeificha. Nami kwa kulinda cheo husoma habari za teknolojia kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, nisije nikaulizwa jambo nikabaki kutoa macho.

Swali lililoniponza liliulizwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, mwenye miaka 11 na muda mwingi wa kufikiri.

"Mjomba, ni kweli mwaka 2038 kompyuta zote zitakufa?"

Nikavuta kiti. Maswali ya namna hii ndiyo ninayoyasubiri maishani. Nikamweleza kwamba kompyuta nyingi hazijui Jumatatu wala mwisho wa mwezi. Zinachojua ni sekunde, nazo zinazihesabu tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani ilitengewa biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1, za kuwekea hesabu hiyo, na biti moja kati ya hizo kazi yake ni kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Kwa hiyo namba kubwa kabisa inayoweza kuandikika ni 2,147,483,647. Sekunde hizo zitatimia tarehe 19 Januari 2038, saa tisa usiku na dakika 14 na sekunde 7, kwa saa za Greenwich. Ikiongezeka sekunde moja tu, namba inageuka hasi, na mashine inasadiki kwa moyo wote kwamba leo ni tarehe 13 Desemba 1901.

"Yaani inarudi nyuma bibi akiwa hajazaliwa?"

"Hata mama yake bibi hajazaliwa."

Akakaa kimya akiipima habari hiyo. Kisha akanyoosha kidole kwenye meza yangu. "Na hii yako?"

Nikamwambia yangu ni ya biti 64, na kikomo chake kiko mbele kama miaka bilioni 292, kwa hiyo tusipoteze usingizi. Jibu lilikuwa sahihi na lilikuwa limekamilika. Lakini yule mtoto alinitazama kwa lile jicho la kuuliza, umeona mwenyewe au umesimuliwa? Na mimi, mtu mzima mwenye kazi na bima, nikashindwa kulivumilia jicho lile.

"Tutajaribu," nikasema.

Niseme wazi kwamba sikukurupuka. Akapendekeza tutumie simu, nikakataa palepale. Mwaka 2016 watu walirudisha tarehe za iPhone zao hadi 1 Januari 1970 kwa kutaka kuona kitakachotokea, na kilichotokea ni kwamba simu zilizima zikakataa kuwaka tena. Habari ile niliisoma. Mjomba si mtu wa kuchezea simu yake. Mjomba anachezea kompyuta ya kazi.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima ile sehemu ya kujiwekea saa yenyewe, nikaandika 19/01/2038, saa tisa na dakika 13 usiku. Tukahesabu kwa sauti. Sekunde ya tano, ya sita, ya saba, ya nane. Kimya. Nikakumbuka kwamba kompyuta iko kwenye saa za hapa nyumbani, si za Greenwich, nikabadilisha, tukahesabu upya, safari hii mtoto akiwa ameziba masikio. Ya saba. Ya nane. Feni ikaendelea kuzunguka kama ilivyokuwa.

"Mjomba," akasema kwa masikitiko, "hata haikukohoa."

Dada akamwita akaoge. Mimi nikarudisha saa za nyumbani, nikatazama saa ya ukutani, nikasahihisha saa na dakika kwa uangalifu mkubwa maana kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa na kikao. Nikafunika kompyuta nikaenda kulala nikiwa na amani.

Mwaka niliuacha ulivyo.

Asubuhi nilipofungua tu, lilijitokeza dirisha la vikumbusho ambalo sijapata kuona mfano wake. Lilikuwa refu kama orodha ya wadaiwa. Kila miadi niliyowahi kuiweka mbele yangu ilikuwa imepitwa. Kikao cha bajeti: kimepitwa kwa zaidi ya wiki 600. Daktari wa meno: zaidi ya wiki 600. Birthdei ya dada yangu ilijirudia mwaka baada ya mwaka, zote zimepita bila mimi kumpongeza. Nikasema, hii programu nayo imeanza wazimu. Nikabofya "Ondoa zote". Zikaondoka zote, na kikao cha saa nne kikaondoka nazo kimyakimya.

Nikafungua kivinjari. Muunganisho wako si salama. Cheti cha tovuti hii kimekwisha muda. Nikajaribu tovuti nyingine, cheti kimekwisha. Ya benki, kimekwisha. Ya habari, ya hali ya hewa, ya kutafuta, vyote vimekwisha. Sasa ninyi mnaojua mambo haya mnajua kwamba cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake cha usalama, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari huilinganisha na saa ya kompyuta yako. Hata mimi nalijua. Nimewahi kumweleza shangazi, tena kwa mchoro. Lakini mbele yangu kulikuwa na mawili: ama tovuti zote duniani zimeharibika asubuhi moja, ama nina tatizo mimi. Nikatafakari kwa kina nikaamua kwamba dunia imeharibika.

Kama mtu wa kompyuta wa ukoo nilikuwa na wajibu. Nikachukua simu nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, kwa ile sauti nzito ya kutangaza misiba: "Ndugu zangu, kuna shambulio kubwa la mtandao linaendelea. Vyeti vya usalama vya dunia nzima vimeanguka. Tafadhali mtu yeyote asiingie benki wala asiguse barua pepe hadi nitakapowapa taarifa." Shangazi akajibu "Mungu atunusuru" na kuzima simu. Haikuniingia akilini kwamba simu yenyewe ninayotumia kutangaza kifo cha intaneti ilikuwa inatuma ujumbe kwa intaneti bila shida yoyote.

Programu ya kuzuia virusi ikaniambia leseni yake imekwisha zamani. Mfumo wa kazini ukaniomba ile namba ya tarakimu sita inayobadilika kila sekunde 30. Nikaisoma kwenye programu yake iliyomo humohumo kwenye kompyuta, nikaiingiza, ikakataliwa. Ya pili, ikakataliwa. Namba ile hutengenezwa pande zote mbili kwa siri moja pamoja na saa, kwa hiyo seva ilikuwa inakokotoa ya leo, na mimi kwa bidii yangu yote nilikuwa naingiza ya mwaka 2038. Baada ya mara kadhaa akaunti ikafungwa. Nikaona kwamba washambuliaji wamenifikia mimi binafsi, na nisifiche, kidogo nilijisikia mtu muhimu.

Saa nne na nusu simu ikaita. Bosi wangu ni mama mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na ndiyo maana namwogopa.

"Tuko kikaoni," akasema. "Wewe uko wapi?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo la haraka, na matokeo ya haraka ninayafahamu. Barua pepe za kazini nazisoma kwa programu ya zamani, na seva yetu ina cheti cha kujitengenezea ambacho kila siku programu inakilalamikia. Kwa miaka yote hiyo mimi hubofya "Endelea" bila kusoma. Ikalalamika, nikabofya "Endelea". Nikaandika kwa watu wote 14 wa kikao:

"Wapendwa, samahani kwa kuchelewa kidogo. Ripoti ya robo mwaka nimeiambatisha. Naamini bado tuko ndani ya muda."

Nikatuma.

Tarehe iliyo juu ya barua pepe huandikwa na kompyuta ya mtumaji, kama vile wewe unavyojiandikia tarehe juu ya barua ya karatasi. Seva hupiga mhuri wake wa saa ya kupokea, ndiyo, lakini programu nyingine hupanga barua kwa kufuata tarehe ya kutumwa. Nusu ya wenzangu waliniona mahali pangu pa kawaida. Nusu nyingine, akiwamo bosi na yule bwana wa uhasibu asiyecheka, wakaiona barua yangu imekaa kileleni mwa kikasha chao: 20 Januari 2038. Samahani kwa kuchelewa kidogo.

Nilikuwa sijui lolote kuhusu hilo. Mimi nilikuwa nimempigia fundi wa kompyuta wa ofisini, kijana mtaratibu anayetembea kama mtu anayetoka msikitini, na nilipofika ofisini nilimsimulia shambulio lile kwa dakika kumi nzima. Nikamtajia vyeti. Nikamtajia leseni. Nikamwambia nadhani wamepitia kwenye namba zangu za siri. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akavuta kompyuta karibu, akainama, akaweka kidole kwenye kioo, kona ya chini kulia, juu kidogo ya alama ya kidole changu cha mafuta.

"Kaka," akasema, "hapa ni lini?"

Nikatazama. Ile kona nilikuwa nimeitazama labda mara ishirini tangu asubuhi. Saa yake ilikuwa sahihi kabisa, sikuhitaji kingine. Chini ya saa palikuwa pameandikwa 20/01/2038, kwa herufi ndogo zenye adabu.

"Ni mpwa wangu," nikasema.

Akatikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa kidonda kilijitokea chenyewe. Akawasha tena ile sehemu ya kujiwekea saa, mwaka ukarudi, na vyeti vya dunia nzima vikapona kwa mpigo.

Kisichopona ni pipa la taka. Niliwahi kusoma ushauri mahali kwamba ni vizuri kuiambia kompyuta ifute vyote vilivyokaa humo zaidi ya siku 30, nikauweka. Usiku ule, kwa mujibu wa kalenda yake, kila kitu kilikuwa kimekaa humo miaka kumi na kitu. Ikafagia. Msiniulize kwa nini hilo ni msiba. Mimi pipa la taka hulitumia kama kabati.

Jioni ilinibidi niwape ukoo taarifa. Niliiandika mara nne nikaifuta, mwishowe nikatuma: "Hali imetulia, mnaweza kuendelea."

Shangazi akawasha simu, akapiga papo hapo. "Intaneti imepona?"

"Imepona, shangazi."

"Umeitengeneza wewe?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. "Tumesaidiana," nikasema. Hadi leo ananisimulia kwa majirani.

Mpwa wangu alirudi wiki iliyofuata akiwa na daftari. Alikuwa amesoma kwamba hata ule utaratibu ambao kompyuta hutumia kujiwekea saa kupitia mtandao, unaoitwa NTP, nao unahesabu sekunde kwa biti 32, ila wenyewe unaanzia mwaka 1900, na utajaa tarehe 7 Februari 2036. Alikuwa amepigia mstari kwa kalamu nyekundu.

"Mjomba, tujaribu?"

"Nenda kalale," nikamwambia. Ilikuwa saa saba mchana.

Ama bosi wangu, sikuitwa ofisini kwake, sikuandikiwa onyo. Nilimwomba tu, kwa unyenyekevu, aifute ile barua, maana kila anapofungua kikasha mimi ndiye wa kwanza, juu ya wateja, juu ya mkurugenzi, juu ya kila barua itakayoingia kwa miaka yote inayokuja. Akasema haoni haja, amekwisha kuizoea. Mtu mwingine akichelewa kikaoni humgeuzia skrini bila kusema neno.

Siku mbili baadaye nikapokea mwaliko wa kalenda kutoka kwake. Mada: Kupokea ripoti. Tarehe: 20 Januari 2038, saa nne asubuhi. Mahudhurio ni ya lazima.

Nimebofya "Nitahudhuria".